Mwanya wa Bibi Mwanakheir

Jumatano, 7 Agosti 2024

Nshawekwa chuma! Kimegandishwa kwenye magego ya juu, huku na huku, na katikati, chini ya kaakaa, pana skurubu ndogo yenye tundu. Ulimi hauna pa kukaa. Nikisema "samahani" natoa mate. Bibi kanicheka kutoka Shangani mpaka nyumbani Kiembe Samaki, mwisho nikacheka na mie, mate yakamwagika kwenye buibui. Hata sijali.

Niandike maneno ya Dokta Abdulwahid wa meno kabla hayajanitoka. Kaakaa si mfupa mmoja. Ni miwili, wa kulia na wa kushoto, na katikati pana mshono. Kwa mtoto mshono uko hai, mfupa unaongezeka palepale. Mtu akikua unafungana. Sasa kila siku tutatia ufunguo – kijiwaya tu, chembamba – kwenye tundu la skurubu, tuzungushe mara moja, na taya livutwe pande mbili. Mshono ukikubali kuachia, taya linapanuka, pua inapata nafasi, na mie nitapumua kama watu. Si mdomo wazi mchana na usiku mpaka skuli nikaitwa Samaki.

Ila nna miaka kumi na saba. Dokta hakunificha. Angenipata nna miaka kumi na miwili, kasema, angelala usingizi wake. Sasa anajaribu tu. Mshono ukiwa umeshafungana, chuma kitasukuma meno bure, atakitoa, na kitakachobaki ni kwenda Dar kupasuliwa. Kupasuliwa kaakaa! Mama nilimpigia simu kazini kwake, hoteli ya Nungwi. Kasema tumuombe Mungu.

Ishara ni moja. Mshono ukiachia, meno mawili ya mbele yatatengana. Utatokea mwanya.

Bibi alikuwa anasinzia kwenye kiti. Neno hilo likamwamsha. Kauliza mwanya gani, mkubwa au mdogo. Dokta kacheka, kasema mkubwa tu, Bi Mwanakheir. Bibi hakusinzia tena.

Alhamisi, 8 Agosti

Bibi ndiye mzungushaji. Tumepewa funguo mbili, mmoja ukipotea tuwe na mwingine. Nimelala chali mkekani, kichwa nje ya mlango nipate mwanga, mdomo wazi. Bibi kavaa miwani, kapiga bismillahi, katia. Sikuhisi hata kidogo, mpaka skurubu ilipozunguka – hapo ndipo pua ikabanwa mpaka machozi.

Mkono wake hautetemeki. Miaka yote hiyo anachora hina mabibi harusi. Wanalala wakiwa wanachorwa, wanaamka miguu yote miwili imekwisha, wanauliza saa ngapi.

"Kinywa jumba la maneno," kanambia. "Lako tunaliongeza chumba."

Ijumaa, 9 Agosti

Supu ya kichwa cha mbuzi leo! Bibi kakinunua sokoni Darajani makusudi, maana mie kutafuna siwezi. Tulipomaliza nikalichukua fuvu, nikalisugua kwa mchanga, nikaligeuza. Upo! Mshono upo, katikati ya kaakaa la mbuzi, mstari wa kukatakata unaokwenda kulia unarudi kushoto. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kizuri kama kile na tumekula vichwa vingapi nyumba hii.

Nikachukua kisu nitie ncha, nione kama utaachia. Haukuachia. Nikakaza. Ncha ya kisu ikavunjika.

Bibi kakasirikia kisu. Mie nikauliza mbuzi alikuwa na umri gani. Mzee, kasema, ndio supu ikawa tamu.

Sikulala vizuri.

Jumatatu, 12 Agosti

Hakuna kitu. Meno ya mbele yamepandana vilevile, kama watu kwenye foleni ya mafuta. Kila asubuhi kioo, kila jioni kioo. Kichwa kinaniuma kati ya macho.

Skuli nimemuuliza Mwalimu Biasha wa baiolojia mshono unafungana kwa umri gani. Kasema hakuna umri mmoja, watu hawafanani. Wengine kumi na sita, wengine hata ishirini na tano bado. Nikamwambia habari ya mbuzi. Kacheka mpaka kashika meza. Kanambia mie si mbuzi, Ulfat, angalau kwenye somo hili.

Mungu wangu, niwe wa hao wa ishirini na tano.

Ijumaa, 16 Agosti

UMETOKA! UMETOKA! UMETOKA!

Alfajiri nilikuwa natia udhu. Nikasukutua, ulimi ukapita mbele ya meno, ukakuta uwazi. Nikasimama pale maji yanamwagika. Nikaenda kiooni na tochi ya simu. Mwanya. Mwembamba kama kucha, lakini mwanya! Mshono wangu umeachia! Siendi Dar, sipasuliwi, mie si mbuzi mzee!

Bibi alikuwa kwenye mswala. Nikamngoja atoe salamu, sikuweza hata kukaa, nikawa nazunguka chumbani. Alipomaliza nikaachama mbele yake. Kavaa miwani. Kaangalia. Kapiga vigelegele saa kumi na moja na nusu alfajiri, na jirani Bi Hija kaja mbio kadhani nimeposwa.

Na mie nikaogopa kucheka nikauharibu. Halafu nikacheka siku nzima.

Jumatatu, 19 Agosti

Kwa Dokta. Picha ya eksirei. Kaniwekea kwenye kompyuta na kanionesha kwa kalamu: mstari mweusi katikati ya kaakaa, mpana mbele, unaingia mwembamba nyuma. Nikasema kumbe ni patupu. Kasema si patupu hata kidogo – na hapo ndipo nilipopata wazimu wa furaha, maana haya hayamo kwenye kitabu chetu cha skuli.

Mifupa ile miwili ilikuwa imefungwa kwa nyuzi. Tumeivuta, nyuzi zimetanuka kutoka ukingo mpaka ukingo, damu imeingia. Na kwenye kingo zote mbili zimo seli zilizolala. Zinahisi kuvutwa! Seli, jamani, isiyoonekana, inahisi! Zinaamka, zinazaana, nyengine zinageuka kuwa wajenzi. Wanajipanga kufuata zile nyuzi, wanatoa kwanza kitu laini, kisha chokaa inaingia ndani yake, kinakuwa mfupa. Lakini mfupa wa mwanzo ni ovyo, kasema, umefumwa hivi hivi. Nikawaza ukili wa mkeka wa mtu anayejifunza kusuka. Baadaye zinakuja seli nyengine zinaula ule mfupa mbovu, na wajenzi wanarudi kuupanga upya, safari hii kwa nadhamu.

Haya yote yanafanyika kinywani mwangu na mie nimekaa nakunywa juisi ya ukwaju kwa mrija.

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tumeufungua makusudi ili ukuta ujengwe. Nimemwambia Bibi hivyo garini. Kasema, "Mwanya umekupendeza."

Jumanne, 27 Agosti

Leo mzunguko wa mwisho. Dokta kaangalia, kasema inatosha, tusiguse tena. Chuma kitabaki miezi sita, kimeshikilia tu, wajenzi wafanye kazi yao kwa utulivu. Na mwanya, kasema, usishangae, utaziba wenyewe, meno yatarudi taratibu.

Bibi kauliza, "Utaziba?"

"Utaziba, Bi Mwanakheir. Ndio inavyotakiwa."

Tulipofika kibarazani ndipo akafungua moyo. Mama yake alikuwa na mwanya. Yeye alikuwa na mwanya, mpaka kutoka kisiwani Tumbatu watu wakija kuuliza binti mwenye mwanya yuko nyumba gani. Mama yangu anao, ingawa siku hizi hacheki sana. Mie peke yangu nilizaliwa meno yamebanana. "Wangu umekwenda na meno," kasema, na kweli, kinywani mwake hakuna hata jino moja la mbele. "Nkasema basi. Halafu Mungu kauleta kwako, na huyo dokta anasema uzibe."

Kanambia tuzungushe mara moja tu. Kidogo tu. Nikasema Bibi, hapana. Kila ukivuta unawasumbua wajenzi. Kasema haya, mjukuu wangu, mie nilisema tu. Kazitia funguo kwenye kisanduku chake cha hina.

Nilimhurumia. Lakini nilisema hapana na nimefurahi nilisema.

Jumapili, 1 Septemba

Nimekwenda dukani na kurudi nimefunga mdomo! Njia nzima! Pua ikiingiza hewa na kutoa kama mashine mpya. Nimesikia harufu ya mkate wa mofa kabla sijauona. Sikujua kwamba watu wengine wanaishi hivi kila siku na hawasemi.

Kulala bado. Bibi anasema nikilala mchana naachama vilevile, mazoea. Siku hizi nikirudi skuli na kujitupa kitandani anakuja kukaa nami, ananipepea na kipande cha boksi. Bibi yangu huyu, sijui nimlipe nini.

Jumamosi, 7 Septemba

Jambo la ajabu! Mwanya hauzibi. Unazidi! Ule wa Agosti ulipitisha kijiti cha kiberiti, huu wa leo unapitisha kijiti na nafasi inabaki. Na hatujagusa skurubu! Ni seli zangu. Nna hakika. Wajenzi wangu wana kasi kuliko wa watu wengine, mfupa mpya umejaa mpaka unasukuma kutoka ndani.

Jana nimemwambia Mwalimu Biasha. Kakunja uso, kasema mfupa wa mshono hausukumi hivyo, unajaza nafasi uliyopewa, haujipi nafasi. Tukabishana mbele ya darasa. Nikamwambia pengine mie ni wa kwanza. Darasa likacheka, lakini na wangapi walichekwa kisha wakawa kwenye vitabu?

Leo harusini kwa majirani, kina Sumaiya, wanawake wamenishika kidevu mmoja mmoja. Mwanya huo! Wa kwao huo, wa kina Mwanakheir! Bibi kakaa kati yao kanyooka, hajala hata sambusa.

Ila magego ya juu na ya chini hayakutani vizuri. Nyama nimeitema nzima. Nitamwambia Dokta wiki ijayo, na habari njema pamoja.

Jumamosi, 14 Septemba

Sijui nianze wapi. Nna hasira.

Nimeingia kwa Dokta nacheka, nikaanza kumweleza habari ya seli zangu kabla hata sijakaa. Katia kioo kinywani. Katia kipimo. Kauliza, "Nani anazungusha?"

Nikasema hakuna. Nikaapa. Wallahi hakuna, tangu siku ile. Kasema skurubu imefunguka zaidi ya alivyoiacha, na skurubu haijizungushi. Nikarudia habari ya seli. Kanambia pole pole, "Seli zako ni kama za watu wengine, Ulfat."

Kisha picha. Mshono mweusi tititi. Ilitakiwa paanze kuonekana weupe kidogo kwenye kingo, kama ukungu. Hakuna. Kila wajenzi wakitandaza ukili wao, mtu anauchana. Wanaanza tena. Kesho anauchana tena. Hawakasiriki, kasema, hawajui kukasirika, lakini kuna kiasi. Mwisho panajaa kovu badala ya mfupa, na taya linarudi lilikotoka. Hapo hakuna njia ila Dar, kisu.

Bibi alikuwa anaangalia feni. Kisha kasema kwa sauti ndogo, "Mie."

Nikilala mchana. Nikiachama. Alikuwa akinipepea kwa mkono mmoja na ufunguo uko mkono wa pili! "Usingizi wake mzito, dokta. Mabibi harusi wangapi nimewachora wamelala?" Kasema hivyo kama anajitetea kwa kadhi. Dokta wa watu hakujua afanye nini na uso wake.

Karudisha skurubu nyuma kidogo. Kasema wiki ijayo atairudisha tena, ndio maana hawezi kuziba tundu, basi funguo zote zikae kwangu. Miezi miwili kisha picha nyengine. Hiyo ndiyo itakayosema. Weupe, nimesalimika. Weusi, Dar.

Nje kichochoroni nilimpigia kelele. Bibi yangu. Watu waligeuka. Nikamwambia amenifanya mjinga mbele ya Dokta, mbele ya Mwalimu Biasha, mbele ya darasa zima, amechezea kinywa changu kama mguu wa bibi harusi. Alisimama tu ameshika mkoba. Kisha kasema, "Ukicheka namuona mama'angu. Sina hata picha yake."

Ufunguo mmoja kanipa tulipofika nyumbani. Wa pili anasema hajui ulipo.

Jumapili, 15 Septemba

Nimemwomba radhi. Kasema yeye ndiye wa kuomba. Tumekula pamoja, yeye hana meno na mie yangu hayakutani, tukasaga samaki kwenye uji. Tulicheka kidogo, si kama zamani.

Nimepekua mpaka ndani ya godoro. Ufunguo wa pili sijauona.

Jumatano, 9 Oktoba

Yanarudi! Meno yanarudi kweli, yenyewe, bila kusukumwa. Dokta anasema hiyo si dalili ya mfupa, ni nyuzi za fizi zinavuta meno tu, nisijidanganye kwa mara ya pili. Sijidanganyi. Lakini magego yanakutana, leo nimetafuna pweza! Pweza, mie!

Na asubuhi nimeamka koo halijakauka. Nilikuwa nimefunga mdomo. Nimelala kama watu! Nimekaa kitandani nikavuta hewa ya puani, nikaitoa, nikaivuta tena, mpaka nikachelewa skuli. Mwalimu Biasha kauliza sababu, nikamwambia nilikuwa napumua.

Bibi kila asubuhi bado ananiambia nimchekee. Namchekea. Anaangalia mwanya unavyopungua, anatikisa kichwa, anakwenda zake kuwasha moto. Anakuja kukaa nami mchana vilevile, hata nikimwambia asije. Nimeanza kulala na mlango wazi nione mikono yake akiingia. Ni aibu kuandika hivyo.

Jumamosi, 16 Novemba

Naandika nikiwa kwenye benchi la kliniki. Picha nshapigwa. Muuguzi kaingia nayo kwa Dokta na mlango umefungwa. Naandika mbio, mwandiko huu sijui kama nitausoma.

Mwanya umebaki wa kupitisha uzi. Nimejaribu asubuhi kwa uzi wa cherehani, umepita kwa taabu. Nje kuna mtu anakaanga vitunguu, naisikia harufu mpaka humu ndani na mdomo nimeufunga. Kila kitu kizuri! Kila kitu kizuri isipokuwa ile sehemu ndogo katikati ya kaakaa ambayo siioni, na wajenzi ambao sijui kama waliachwa wafanye kazi.

Bibi yuko ubavuni kwangu. Sasa hivi kafungua fundo kwenye pindo la kanga yake, kanishika mkono, kanitia kitu kiganjani, kanifunga vidole.

Ufunguo wa pili.

"Chukua kabla hatujaingia."

Nimemuuliza: umeutumia? Sauti yangu ilikuwa juu, mama mmoja mwenye mtoto katugeukia.

Hakukasirika. Kasema kila mchana alikuwa akija nao. Anakaa, anapepea, ananingoja niachame. "Huachami. Siku hizi unalala umefunga mdomo, mjukuu wangu. Unapumua kimya, mpaka naweka kidole puani kwako nijue kama u mzima."

Nikamuuliza, na lau ningeachama?

Karekebisha buibui. Kaangalia mlango. Kasema, "Hukuachama."

Nataka kulia na nataka kucheka na nna hasira naye na nampenda, yote kwa pamoja. Mlango umefunguliwa. Muuguzi anaita jina langu. Sijaitika bado, na Bibi keshasimama.